Kichwa cha Upinde

Ulisema "ta!" kama ukuni mkavu unapokanyagwa, basi. Nilikuwa nimesimama uwanjani mbele ya shemeji zangu, upinde wa babu mkononi, nimeuvuta hadi karibu na kifua. Ilikuwa Januari, kaskazi imekaza, saa nane mchana, siku ya pili ya harusi ya mdogo wangu. Mgeni mmoja aliyekula akashiba alikuwa ameuliza kama lile pambo lililo juu ya televisheni linavutika bado. Nikaliteremsha. Nikasokota kamba ya katani, nikaifunga ncha kwa ncha, nikavuta. Makofi yalipigwa kabla ya ile "ta!", baada yake wageni walirudi kwenye pilau kwa adabu kubwa, kila mtu akitazama sahani yake.

Jioni niliukagua kwa tochi ya simu. Kibanzi kilikuwa kimeinuka mgongoni, upande ule uliokuwa chini nilipovuta. Mgongo wa upinde ni upande unaotazama anakokwenda mshale. Tumbo ni upande unaomtazama mpigaji. Ukivuta, mgongo hutanuka na tumbo hubanwa, na uhai wote wa upinde umo katika ugomvi huo wa pande mbili za kijiti kimoja. Kibanzi chenyewe kilikuwa chembamba, kirefu kama kidole cha shahada, bado kimeshikwa kwenye shina lake. Nilikibonyeza kikalala, nikaachia kikainuka. Nilifanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyokuwa lazima.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja huko bara ya Kilifi, mbele ya Ganze, anayejulikana kwa kutia majembe mipini na kusuka vitanda vya kamba. Watu wa rika lake, ambao hawajabaki wengi, walimkumbuka kwa kazi nyingine. Nilimkuta chini ya mkorosho. Tukasalimiana salamu za kule, zisizo na haraka, za mvua na mihogo na watoto wote mmoja mmoja, upinde ukiwa umelala ndani ya kanga pembeni yangu. Hatimaye akauliza, bila kuutazama:

"Na mishale yake iko wapi?"

Nikamwambia haipo, limebaki podo tupu.

"Ndani ya podo mna nini?"

"Vumbi tu, mzee."

"Vumbi hilo umelishika?"

Nilikuwa nimelishika. Nilikuwa nimeingiza mkono mpaka kiwiko, asubuhi ile ile, kutafuta kama kuna kigumba kilichosahaulika. Akamwita mjukuu wake alete maji na sabuni, akanisimamia ninavyonawa kama mama anavyomsimamia mtoto, kisha ndipo nikapewa chai.

Waswahili wa zamani waliita sumu ya mishale "uchungu", na jina hilo halikutafutwa mbali. Kwetu hutoka kwenye mti ambao wataalamu wa mimea huuita Acokanthera. Mbao na mizizi yake huchemshwa siku nzima mpaka maji yawe mazito na meusi kama lami, na lami hiyo hupakwa nyuma ya kigumba, kisha hufungwa ngozi laini isikauke wala isimkwaruze mwenyewe. Sumu yenyewe huulenga moyo. Mwaka 1888 mkemia Mfaransa, Arnaud, aliitoa dutu yake kwenye mti wa jamii hiyo hiyo, na jina aliloipa, ouabain, limetoka kwenye ulimi wa Wasomali. Kabla yake John Kirk, tabibu wa msafara wa Livingstone kule Zambezi, ambaye baadaye alikuja kuwa konseli wa Uingereza Zanzibar, alikuwa ametia mswaki wake mfuko mmoja na sumu ya mishale ya huko, itokanayo na mmea mwingine. Akaonja uchungu mdomoni, akashika mapigo ya moyo wake, akakuta yamepungua. Baadhi ya dawa za moyo zilitokana na uchunguzi wa sumu ile. Sikuyajua haya siku niliyoingiza mkono kwenye podo. Mzee naye hakuyahitaji ili aniambie ninawe.

Alipoufunua upinde hakukitazama kibanzi. Aliuinua kwa vidole viwili, akaupima uzito wake hewani, akaugonga kwa ukucha.

"Mlikuwa mmeuweka wapi?"

Ukutani, nikasema, sebuleni.

"Nyumba ya mabati?"

Ya mabati.

Akatikisa kichwa, na nikapata somo langu la kwanza, ambalo aliyenieleza ni mzee yule lakini mwalimu wake ni moshi. Miaka yote ya uhai wa babu yangu, upinde ulilala kwenye boriti za jikoni, chini ya makuti, juu ya mafiga. Moshi wa kila siku uliufukiza, mvuke wa chungu uliulainisha, masizi yakafukuza dumuzi. Palikuwa mahali pa moshi na pia mahali pa siri. Baba alipojenga nyumba ya mawe, sisi watoto tuliosoma tukaona si heshima kitu cha babu kukaa na masizi. Tukaufuta kwa kitambaa, tukaupaka vanishi, tukautundika kwenye misumari miwili chini ya bati linalochoma kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri. Kwa miaka kumi na mmoja tuliuoka. Mti ukikauka kupita kiasi hauwi mgumu zaidi, huwa kama biskuti.

"Niachie," alisema. "Rudi mvua za mwaka zikiwa zimeanza."

Nilitaka kumweleza kwamba nimechukua likizo ya siku tatu. Niliona aibu, nikanyamaza.

Nilirudi katika wiki ya pili ya Mei, matope mpaka kwenye vifundo vya miguu. Upinde ulikuwa jikoni kwake, juu, vanishi yetu yote imekwanguliwa, na rangi yake imeanza kurudi, ile hudhurungi ya kahawa iliyokolea. Ni mti wa mkone, ambao kwetu hutoa fito za nyumba, bakora, na matunda ambayo watoto hula njiani wakichunga mbuzi. Haukupasuliwa kutoka kwenye gogo. Ni kijiti kizima kilichokatwa, kikamenywa gome, kikachongwa upande wa tumbo tu. Mgongo uliachwa ulivyoota, kwa sababu nyuzi zilizo chini ya gome zimeungana kutoka ncha hadi ncha, na chuma kikizikata hata mahali pamoja, mti utaanzia hapo kufunguka. Nikamtania kwa methali, kwamba bila shaka aliyeuchonga alimkunja samaki angali mbichi. Hakucheka. Upinde, alisema, ndio samaki asiyekunjwa mbichi. Mti mbichi ukiuvuta hukubali, tena hukubali mno. Ukiachia haurudi, unabaki umelala umepinda kama mgongo wa mvivu. Huachwa kivulini ukauke taratibu, miezi, ncha zake zikiwa zimepakwa mafuta zisipasuke, na ndipo mtu aanze kuudai kidogo kidogo.

Kazi ilianza kwa pamba. Alichukua kishungi, akakipitisha juu ya mgongo wa upinde polepole, kama anayempaka mtoto poda. Kwenye kibanzi pamba ilinasa, kama nilivyotarajia. Kisha ikanasa mahali pengine pawili, ambapo jicho langu halikuona kitu na kidole changu hakikuhisi kitu. Akatia alama ya makaa. Halafu akaugeuza, akalitafuta tumbo kwa ukucha, akiwa amefumba macho. Alikuwa akitafuta makunyanzi, mistari myembamba inayokatiza nyuzi za mti, ishara kwamba mti umebanwa mpaka ukasalimu amri. Mgongo ukibanduka hufungwa, alisema. Tumbo likikunjamana, upinde hupewa watoto wakachezee. Alikuta kunyanzi moja, karibu na mshiko, la zamani. Akaliacha.

Nilikuwa nimejiandaa kwa gundi ya kuchemsha, ya ngozi na kwato, na daftari langu lilikuwa tayari. Akatoa chupa ya gundi nyeupe ya seremala, ya dukani, mdomo wake umeziba kwa gundi iliyokauka. Uso wangu ulinisaliti, nadhani.

"Babu yako angeipata hii," alisema, "angeiacha?"

Akainua kibanzi kwa ncha ya kisu kadiri tu ya kuingiza shina la unyoya wa kuku, akaisukuma gundi ndani kwa unyoya ule mpaka ikachungulia upande wa pili, akakilaza. Kisha akaviringisha utepe wa tyubu ya baiskeli, akiuvuta kila mzunguko, mpaka mahali pale pakawa pamevimba kama goti lililofungwa bandeji. Siku mbili haukuguswa. Nimesoma maandishi ya watu wanaouhuzunikia ufundi wa asili kiasi kwamba hawataki hata msumari uingie humo. Huwa nawaelewa. Lakini tangu siku ile, nikiona utepe wa tyubu umefungwa penye mpini wa jembe au mguu wa kiti, nasimama nitazame fundi amevuta kiasi gani.

Ya asili ilikuja baadaye, na ilikuja kwa mdomo. Kano ya mgongo wa ng'ombe, ile bapa na ndefu inayolala kando ya uti, nilikuwa nimeinunua kwa mchinjaji, naye aliniuzia huku akinihurumia. Ilikaushwa juani mpaka ikawa ngumu na yenye kupitisha mwanga kama ukucha. Mzee akaiweka juu ya gogo, akaiponda kwa jiwe la mviringo, pigo dogo dogo, mpaka ikafunguka kuwa nyuzi nyeupe, akazichambua moja moja kama mtu anayechambua ukili. Kisha akanipa fungu langu.

"Tafuna."

Ladha yake mwanzo ni ya bure, kama ya kadibodi. Baadaye inakuja supu, supu ya mbali iliyopikwa juzi nyumba ya jirani. Mate yanaulainisha uzi, na kitu fulani ndani yake kinayeyuka na kuwa gundi. Unausikia ukianza kunata kwenye meno. Hapo unatoa, unampa fundi kabla haujapoa. Alizungusha uzi juu ya uzi, kila mmoja ukimkanyaga mwenzake kidogo, na hakupiga fundo hata moja. Mwisho wa uzi aliulaza tu, akaupapasa kwa dole gumba lililoloa, ukashika. Kano ikikauka hunywea, na ikinywea hukaza kuliko mkono wa mtu yeyote. Tulitafuna asubuhi nzima, yeye, mimi na mjukuu wake, tukiwa kimya kama mbuzi kivulini, kwa sababu huwezi kutafuna kano na kupiga soga.

Ni katika kimya hicho ndipo nilipojiuliza kazi hii ni ya nini. Sheria iko wazi. Mwaka 1977 Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama, na sheria ya wanyamapori ya 2013 iliikaza kamba hiyo. Babu aliuficha upinde kwenye boriti za jikoni kwa sababu aliyaona yaliyowapata jirani zetu Waata, ambao vitabu vya wakoloni viliwaita Waliangulu. Wale walikuwa wapiga tembo hasa. Pinde zao zilihitaji zaidi ya ratili 100 kuvutwa, yaani kilo 45 na ushei, na wajuzi wa fani hii huzilinganisha na pinde za vita za Waingereza zilizopatikana ndani ya merikebu Mary Rose, iliyozama mwaka 1545 na kuinuliwa kutoka baharini mwaka 1982. Mbuga ya Tsavo ilitangazwa mwaka 1948 juu ya nchi waliyokuwa wakiwinda. Mwaka 1956 na 1957 ikaja kampeni, wakasakwa kijiji kwa kijiji, wanaume wakafungwa. Sisemi tembo wangesalia bila ulinzi. Meno yalikuwa yakinunuliwa, na mnunuzi hakuwa Mwata. Nasema tu kwamba ufundi wa kuchonga mti kiasi kile ulikwenda jela pamoja na wenyewe.

Wagiriama nao wana kumbukumbu yao. Mwaka 1914, baada ya kiongozi wao Mekatilili wa Menza kuwa ameshapelekwa uhamishoni, ni pinde na mishale iliyosimama mbele ya bunduki za King's African Rifles. Nilipomtajia mzee habari hiyo alisema mambo ya vita siyo aliyofundishwa. Yeye alifundishwa swala, paa na nguruwe.

Kule Tanzania, kandokando ya Ziwa Eyasi, Wahadzabe bado wanatumia upinde kama sisi tunavyotumia sufuria. Kila mwanamume hujitengenezea wake, mrefu kama yeye au kumzidi, na upote wake, yaani kamba ya kuvutia, ni wa kano za wanyama wakubwa. Kwao sidhani kama kuna mtu anayeitwa fundi wa pinde. Fundi huzaliwa pale ambapo wengine wameacha.

Siku ya nne tuliutia upote. Alikuwa ameusokota wa kano, nyuzi mbili zikipishana, na akanionya kwamba mvua ikiupata utalegea. Alisimama mlangoni, akauvuta upinde nusu, akaniambia nikae mbali, ndani, niutazame ukiwa mbele ya mwanga. Kazi ya jicho hapo ni moja, kuona kama pande mbili zinapinda sawa, kama mwezi mchanga. Nilitazama. Hazikupinda sawa. Upande mmoja ulijikunja kwa utiifu, mwingine ulisimama kama mtu aliyekataa kusalimia.

Nikasema, kwa furaha ya mwanafunzi aliyepata jibu: "Ule wa chini mgumu."

Akaenda kuchukua kigae cha chupa, kwa kuwa hakuna randa inayojua kukwangua upinde kama kigae, kisha akaitwa nje, mbuzi wameingia shambani kwa jirani. Nilibaki na upinde na kigae. Nilijua upande upi mgumu. Nilikwangua tumboni mara mbili, vumbi jepesi likaanguka mapajani, na nilikuwa naanza ya tatu aliporudi.

Hakupandisha sauti. Aliuchukua upinde, akaugeuza mpaka ule upande mgumu ukawa chini, akanipa. "Shika."

Nikashika. Kiganja changu kikaingia mahali ambapo hakikuwahi kuingia. Kwenye mshiko palikuwa na bonde dogo, lililoliwa na shina la dole gumba la mtu mwingine kwa miaka, na nilipokuwa nimeushika kichwa chini bonde lile lilikuwa likikaa nje, upande wa vidole, nikalidhani fundo la mti. Mshiko wenyewe haukuwa katikati hasa. Mshale hupita juu ya mkono, akanieleza, kwa hiyo mkono hukaa chini kidogo ya katikati, na upande wa chini huwa mfupi. Mfupi huachwa mgumu makusudi, ili ncha mbili ziondoke pamoja na kufika pamoja. Babu hakukosea popote. Mimi ndiye niliyeuvuta kichwa chini mbele ya shemeji zangu, mzigo wote ukaangukia upande ulio mwembamba, na upande huo ulikuwa umeokwa miaka kumi na mmoja.

"Ni hilo lililouvunja?" niliuliza.

"Ukavu. Haraka. Na hilo." Alifikiri. "Na pilau."

Mikwaruzo yangu miwili ipo mpaka leo, myeupe kidogo kuliko pengine, nayo iko upande wa chini, ule uliopaswa kubaki mgumu. Hapo ndipo nilipouelewa ufundi huu, na kwa nini wachongaji ni wengi kuliko watengenezaji. Mchongaji ana mti mzima mbele yake, na akikosea kuna vichaka. Mtengenezaji amepewa mti ambao mtu mwingine ameshamaliza kuondoa alichotaka kuondoa. Hana cha kuongeza. Kila anachoweza kufanya kwa chuma ni kupunguza, kwa hiyo sehemu kubwa ya kazi yake ni kujizuia, kukaa na kigae mkononi akimtafuta aliyetangulia: alishika wapi, alivuta kwa mkono upi, hili alilikosea au alilitaka. Upande wa chini, karibu na ncha, ulikuwa umevishwa ngozi ya mkia wa ndama, nywele zake zimeisha. Ngozi ya mkia huvuliwa mbichi kama soksi, huvishwa kijiti, hukaukia hapo. Mzee alisema chini yake bila shaka kuna ufa. Babu naye aliwahi kuutengeneza. Nikauliza kama tufungue tuone. Alinitazama kwa muda, akamwambia mjukuu wake aongeze maji ya chai.

Ili kufidia ujinga wangu ilimbidi akwangue kidogo upande wa juu pia. Alikwangua mara nne, akauvuta nusu mara ishirini, akatazama, akakwangua mara mbili, akauvuta tena mara ishirini. Mti hauna haraka ya kuonyesha ulichoutendea. Mchana kutwa vumbi lililokusanyika halikujaza kijiko.

Jirani yake anauza samaki, kwa hiyo palikuwa na mizani ya ndoano. Tuliutundika upinde, tukavuta upote hadi urefu wa mshale ukipungua shubiri. Zaidi ya hapo alikataa. Mshale wa mizani ulisimama kwenye kilo 19. Nikauliza enzi za babu ulikuwa na ngapi. Akasema nimuulize aliyekuwa akiuvuta. Kisha akanipa mshale wa kijiti, butu, bila uchungu wala chuma, na shina la mgomba umbali wa hatua kumi na tano. Wa kwanza ulipita juu. Wa pili ulipita kando, kuku wakatawanyika. Wa tatu uliingia, ukakaa, ukatikisika. Upinde mkononi ulitetemeka kidogo tu, ukatulia kabla ya mshale.

Alifungua upote, akauviringa, akanitilia mfuko wa shati. Kwenye matatu ya kurudi kondakta aliuliza kama ile ni fimbo ya mganga, na kiti cha pembeni yangu kikabaki wazi hadi Kilifi mjini.

Nyumbani sikuurudisha sebuleni. Shangazi, bintiye babu, bado anapika kwenye jiko la makuti nyuma ya nyumba, kwa kuwa hana imani na sima ya gesi. Nilipanda kigoda, nikaulaza upinde kwenye boriti juu ya mafiga, mahali pake pa zamani, nikashuka nikijipangusa masizi. Shangazi aliacha mwiko. Alipanda kigoda kile kile, mguu wake mbovu ukitangulia, akaushika upinde, akaugeuza ncha kwa ncha, akaulaza tena.

"Kichwa hutazama mlangoni," alisema.

Nilimuuliza kama muda wote huu alikijua kichwa chake. Akasema alikuwa akitumwa kuuteremsha tangu hajaota meno ya pili.

"Sasa mbona hukuniambia, shangazi? Miaka yote ile ukutani, na siku ile ya harusi?"

"Hukuniuliza," alisema, akarudi kwenye sima, ambayo ilikuwa imeanza kushika chini.